Wayne Wheeler na hesabu ya kura chache

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hufundishwa katika kila shule yetu, na wanafunzi huitumia katika insha zao kuhusu kuweka akiba na kusoma kwa bidii. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mwalimu akiitumia kueleza jinsi ushindi wa uchaguzi unavyopatikana. Wengi wetu tumeshikilia imani kwamba siasa ni mchezo wa wenye fedha au wenye umati nyuma yao, na kwamba mtu asiye na kimoja kati ya hivyo viwili hana budi kukaa kando na kutazama.

Leo ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mtu aliyeikanusha imani hiyo kwa vitendo. Hakuwa tajiri. Hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Alikuwa mfupi wa kimo, mwenye miwani na masharubu, na aliyekutana naye njiani angedhani ni karani wa benki. Lakini mtu huyo aliwang'oa wabunge kwa makumi, akamwangusha gavana, na hatimaye akasaidia kuibadilisha katiba ya taifa lake. Jina lake ni Wayne Bidwell Wheeler, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1927. Maisha yake yana funzo juu ya nguvu ya wananchi wa mashinani. Yana pia onyo, na onyo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wheeler alizaliwa tarehe 10 Novemba, 1869, katika familia ya wakulima karibu na Brookfield, jimbo la Ohio. Akiwa mtoto, kibarua mmoja wa shambani aliyekuwa amelewa alimchoma mguuni kwa uma wa kuinulia nyasi, bila ya kukusudia. Jeraha lilipona, lakini chuki dhidi ya pombe haikupona. Katika miaka yote ya utu uzima wake alikuwa akikisimulia kisa hicho mbele ya makutano, na hapana shaka kilimfaa sana katika kazi aliyokuja kuichagua.

Alipomaliza shule ya upili alifundisha kwa miaka miwili ili apate karo. Naam, mtu huyu alianzia pale pale wanapoanzia wasomaji wengi wa ukurasa huu, mbele ya ubao, chaki mkononi. Kisha akajiunga na Chuo cha Oberlin, ambacho wakati huo kilikuwa kitovu cha imani na maadili ya Kikristo. Huko alijilipia masomo kwa kuhudumu mezani, kufagia majengo na kuchuuza vitabu. Ilikuwa katika mji huo wa Oberlin, mwaka wa 1893, ambapo mchungaji Howard Hyde Russell alianzisha chama kilichoitwa Anti-Saloon League, yaani chama cha kupinga vilabu vya pombe. Mwaka uliofuata Wheeler alihitimu, na Russell akamshawishi awe mfanyakazi wa chama hicho.

Ili tuuelewe ustadi wa vijana hawa, yafaa tutazame waliowatangulia. Vita dhidi ya pombe havikuanza nao. Jimbo la Maine lilikuwa limepiga marufuku uuzaji wa pombe tangu mwaka wa 1851. Chama cha siasa kilichosimamia marufuku, Prohibition Party, kiliundwa mwaka ule ule aliozaliwa Wheeler, kikasimamisha wagombea wa urais uchaguzi baada ya uchaguzi, na kila mara kikaambulia kura haba. Katika majira ya baridi ya 1873 na 1874 wanawake wa Ohio walipiga magoti milangoni mwa vilabu, wakaimba na kusali mpaka wenye vilabu wengine wakafunga. Lakini baada ya miezi michache vilabu vikafunguliwa tena. Juhudi zilikuwepo, machozi yalikuwepo, na haki kwa hakika ilikuwa upande wao walipolalamikia waume waliokunywa mishahara yao na kuwaacha watoto na njaa. Kilichokosekana ni njia ya kuyageuza machozi hayo kuwa kura.

Njia hiyo ndiyo aliyoijua Wheeler kuliko mwenzake yeyote, nayo ilikuwa na nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ilikuwa kanisa. Chama hakikujisumbua kujenga ofisi katika kila kijiji, maana makanisa yalikuwa tayari yapo. Jumapili moja msemaji wa chama angepewa mimbari ya kanisa la Kimethodisti au la Kibaptisti, na baada ya hotuba kadi zingegawiwa. Muumini angeandika jina lake, anwani yake na kiasi kidogo cha fedha alichoahidi kutoa kila mwezi. Kwa hiyo katika asubuhi moja chama kilijipatia mapato ya kudumu, na zaidi ya mapato, orodha ya watu waliokuwa tayari kupiga kura kama walivyoombwa.

Nguzo ya pili ilikuwa kuuliza swali moja tu. Mgombea hakuulizwa anaonaje ushuru wa forodha, reli au mishahara. Hakuulizwa hata kama yeye binafsi hunywa. Aliulizwa atapiga kura upande gani mswada wa pombe ukiletwa mbele yake. Mlevi aliyeahidi kupiga kura dhidi ya vilabu aliungwa mkono; mchamungu aliyesitasita alipingwa. Wako wengi waliouona huu kuwa unafiki. Wheeler aliuona kuwa hesabu.

Nguzo ya tatu ndiyo hesabu yenyewe. Chama hakikuwa cha Republican wala cha Democratic. Hebu tuchukue mfano wa kata yenye wapiga kura elfu moja. Mgombea mmoja ana kura 480, wa pili ana 470, na waliosalia ni waumini hamsini wanaopiga kura kwa pamoja kama mkono mmoja. Je, ni nani anayeamua mshindi? Si wale 480, wala si wale 470. Ni hao hamsini. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba kadiri mashindano yanavyokaribiana ndivyo kundi dogo linavyozidi kuwa na uzito, na kwamba mashindano hukaribiana zaidi katika chaguzi ndogo, ambazo watu wengi huzidharau na hawajitokezi kupiga kura. Wheeler hakuhitaji kuwageuza Wamarekani wote. Alihitaji wachache waaminifu, mahali panapofaa, siku inayofaa.

Alianza kazi kwa baiskeli. Alizunguka mji hadi mji wa Ohio akihutubia makanisani, akitafuta watu wa kuwakabili wabunge wa jimbo waliokuwa wameukataa mswada wa kuwaruhusu wananchi kupigia kura vilabu vya maeneo yao. Aliandika barua, alituma simu za maandishi, alihesabu majina. Wakati huo huo alisomea sheria, akapata shahada mwaka wa 1898, na kuwa wakili wa chama. Mwaka wa 1903 akawa mkuu wa chama katika jimbo zima. Inakadiriwa kwamba katika miaka hiyo ya kwanza chama chake kiliwang'oa wabunge wa jimbo wapatao 70, wa vyama vyote viwili.

Hapa pana jambo ambalo wanaharakati wengi hulisahau. Wheeler hakudai marufuku ya nchi nzima siku ya kwanza. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Sheria ya Ohio ya mwaka wa 1888 ilikuwa imewapa wakazi wa tarafa za mashambani haki ya kuamua kwa kura kama vilabu viwepo au visiwepo. Mwaka wa 1902 haki hiyo ilifika mijini. Mwaka wa 1904 ikafika katika mitaa ya makazi ndani ya miji. Mwaka wa 1908 ikawa haki ya kaunti nzima, na muda si muda kaunti nyingi kati ya 88 za jimbo hilo zikapiga kura ya kufunga vilabu. Kila ngazi ilimfundisha mwananchi wa kawaida kupanga mkutano, kukusanya sahihi, kusimamia kituo cha kura na kushinda. Na aliyekwisha kushinda mara moja katika kata yake hahitaji kubembelezwa ili ajaribu tena.

Ushindi uliomletea sifa nchi nzima ulikuja mwaka wa 1905. Gavana wa Ohio, Myron Herrick, alikuwa mwanasiasa tajiri wa chama cha Republican aliyechaguliwa miaka miwili kabla kwa wingi wa kura zaidi ya 100,000. Mswada wa kura za mitaa ya makazi ulipofika mbele yake, Herrick alilazimisha upunguzwe makali. Wheeler akatangaza kwamba gavana huyo hatarudi. Makanisa yakafanya mikutano zaidi ya 300 ya kumpinga. Wapinzani wa Herrick, chama cha Democratic, walikuwa wamemsimamisha John Pattison, mtu aliyepinga pombe, na waumini waliokuwa Republican tangu enzi za baba zao wakampigia kura. Herrick alishindwa kwa kura zipatazo 40,000. Lililowatia wanasiasa hofu zaidi ni kwamba wagombea wengine wote wa Republican waliokuwa katika karatasi ile ile ya kura walishinda. Wapiga kura walikuwa wamemchomoa mtu mmoja kama mwiba mguuni, wakawaacha wengine salama. Tangu siku hiyo mwanasiasa wa Ohio alifikiri mara mbili kabla ya kumjibu Wheeler kwa ukali.

Je, Wheeler alikuwa mhafidhina? Kwa maadili, ndiyo. Aliwasemea watu wa mashambani na wa miji midogo, Waprotestanti walioiona miji mikubwa ikijaa wageni kutoka Ujerumani, Ireland na Italia, na ambao kilabu kwao kilikuwa ishara ya yote yaliyokuwa yakiharibika. Lakini kwa mbinu alikuwa mtu wa kisasa kabisa. Chama chake kilisimama pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura, kikaunga mkono kodi ya mapato, iliyoruhusiwa na katiba mwaka wa 1913, kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa ikitegemea mno ushuru wa pombe na isingeweza kuuacha bila ya kupata chungu kingine. Katika mji wa Westerville, Ohio, mitambo ya uchapishaji iliyosimamiwa na mwenzake Ernest Cherrington ilitoa magazeti, vijitabu na mabango kwa tani.

Kutoka Ohio mbinu hizo zilienea. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1916 karibu nusu ya majimbo 48 ya wakati huo yalikuwa na sheria za marufuku, na Wheeler alikuwa amehamishia shughuli zake Washington. Uchaguzi wa Novemba mwaka huo ulileta bunge lenye wapinzani wa pombe wa kutosha. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi wa Aprili, 1917, Wheeler hakusita kuitumia chuki iliyozuka dhidi ya Wajerumani, kwa kuwa wengi wa wenye viwanda vya bia walikuwa wa asili hiyo. Katika ukurasa huo wa maisha yake simwoni shujaa. Namwona mtu aliyekuwa tayari kushika fimbo yoyote iliyokuwa karibu. Desemba ya mwaka huo Marekebisho ya 18 ya katiba yalipita bungeni. Tarehe 16 Januari, 1919, jimbo la 36 liliyaidhinisha, na mwaka mmoja baadaye utengenezaji, uuzaji na usafirishaji wa vileo ukawa haramu Marekani nzima.

Mtoto aliyechomwa mguu alikuwa amelipiza kisasi. Lakini hapo ndipo onyo linapoanza.

Katika Ohio yenyewe, mama wa harakati hizi, wapiga kura walikuwa wameukataa mpango wa marufuku ya jimbo zima mara tatu, mwaka wa 1914, 1915 na 1917, kabla ya kuukubali mwaka wa 1918. Na bunge la Ohio lilipoidhinisha Marekebisho ya 18, wananchi wa jimbo hilo walipiga kura ya maoni mnamo Novemba, 1919, wakaipinga idhini hiyo kwa wingi wa kura zisizofika 500 kati ya takriban milioni moja. Mwaka wa 1920 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kura hiyo haikuwa na nguvu za kisheria, kwa kuwa katiba iliwapa wabunge, si wananchi, kazi ya kuidhinisha. Kisheria Wheeler na wenzake walikuwa wameshinda. Lakini mtu mwenye busara angalijiuliza: ikiwa nyumbani kwangu nusu ya watu hawanikubali, je, nimewashinda au nimewazidi ujanja?

Hesabu ile ile iliyomletea ushindi ndiyo iliyomficha ukweli. Kundi dogo lililopangika laweza kumfanya mbunge aogope, naye akapiga kura asivyoamini. Haliwezi kumfanya fundi wa Chicago au kibarua wa New York aache kinywaji chake. Mbunge huyo huyo aliyepitisha sheria mchana alikunywa usiku. Pombe iliingizwa kwa magendo, majambazi wakatajirika, na maafisa waliowekwa kuisimamia sheria wakahongwa. Wheeler mwenyewe alichangia doa hilo. Alitaka maafisa wa marufuku waajiriwe nje ya utaratibu wa kawaida wa utumishi wa serikali, ili yeye na wanasiasa waliomtegemea wawe na sauti katika uteuzi wao. Nafasi zikawa zawadi, na zawadi zikaleta wala rushwa.

Ndani ya chama chenyewe kulikuwa na mzozo ambao walimu wangepaswa kuujua. Cherrington, yule wa mitambo ya Westerville, alishikilia kwamba sheria imekwisha kupatikana na kazi iliyobaki ni ya elimu: kuwafundisha vijana na wageni, kwa subira, mpaka desturi zenyewe zibadilike. Wheeler alishikilia kwamba kazi iliyobaki ni kuwakamata na kuwaadhibu wavunja sheria. Mkuu wa chama alipofariki mwaka wa 1924, wawili hao walivutana juu ya mrithi, na mtu aliyeungwa mkono na Wheeler ndiye aliyeshinda. Mwalimu wa zamani wa Ohio alikuwa ameishinda hoja ya elimu.

Matunda yake yalikuwa machungu. Serikali ilikuwa ikitia sumu katika spiriti ya viwandani ili isinyweke, na kufikia mwaka wa 1927 sumu hiyo iliongezwa makali. Walanguzi waliiiba spiriti hiyo na kuiuza, na watu wakafa. Wananchi walipoghadhibika, Wheeler aliitetea serikali kwa hoja kwamba anayekunywa kitu kilichokatazwa anajiua mwenyewe. Huyu ndiye aliyekuwa ameanza safari kwa kuwahurumia watoto wa walevi. Sijui kama aliuona umbali aliokuwa ameusafiri.

Hakuishi kuuona mwisho. Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa kazi isiyo na mapumziko. Mwezi wa Agosti, 1927, katika nyumba yao ya mapumziko jimboni Michigan, jiko la mafuta lililipuka na kumchoma vibaya mkewe, Ella, akafa. Baba mkwe wake, aliyeshuhudia, alianguka na kufa kwa mshtuko wa moyo. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Septemba, Wheeler naye alifariki katika hospitali ya Battle Creek, akiwa na umri wa miaka 57. Hata adui yake wa siasa angeyasoma hayo kwa huzuni.

Miaka sita tu baada ya kifo chake, tarehe 5 Desemba, 1933, marufuku yaliondolewa. Ni mara moja pekee katika historia ya Marekani ambapo marekebisho ya katiba yamefutwa na marekebisho mengine. Na waliofanya kazi hiyo walikuwa wamejifunza kwake. Kuanzia mwaka wa 1929 Pauline Sabin, mwanamke tajiri wa New York, aliwapanga wanawake wenzake kama Wheeler alivyowapanga waumini: orodha za majina, swali moja kwa kila mgombea, bila ya kujali chama. Upanga alioufua Wheeler haukuwa na mwenyewe. Ulimkata kila aliyesimama mbele ya aliyeushika.

Nini basi la kuwaambia wanafunzi wetu? La kwanza ni kwamba wasiidharau kura ndogo. Diwani huchaguliwa na wachache, na wachache hao wakijuana kwa majina na kuwa na nia moja, wanaweza kuyafanya yaliyofanywa Ohio. Iwe ni kuhusu maji, barabara, vitabu au pombe, mlango wa kuingilia u karibu kuliko wanavyodhani. Hapa Kenya chang'aa ilipigwa marufuku mwaka wa 1980 na kuruhusiwa tena kwa masharti mwaka wa 2010, na tangu mwaka wa 2013 leseni za vileo zimekuwa chini ya kaunti. Swali alilolipeleka Wheeler makanisani kwa baiskeli, hivi leo liko mikononi mwa madiwani wetu na wale wanaowachagua.

La pili ni gumu zaidi, na ndilo la walimu hasa. Kura huleta sheria, haileti imani. Anayeshinda kwa kura hamsini zilizopangika anawajibika, siku ya pili yake, kwenda kuzungumza na wale 950 waliosalia, awasikilize na kuwafundisha, hata kama jambo hilo litachukua kizazi kizima. Wheeler aliijua siku ya uchaguzi kuliko mtu yeyote wa zama zake, lakini hakuwa na subira na siku iliyofuata. Cherrington, ambaye leo hakuna anayemtaja, aliiona siku hiyo, akashindwa katika kikao cha chama chake mwenyewe.

Mwalimu anayejiuliza kama kazi yake ina maana mbele ya wanasiasa na ayakumbuke hayo. Mwenye nguvu ni mpishe, walisema wazee, na Marekani ilimpisha Wheeler. Alipopita, watu walirudi njiani wakaendelea na safari yao ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amebaki nyuma kuwashawishi wageuke.